Kabla ngoma haijalia: maandalizi ya nyumba yenye mtu mwenye usonji

Likizo ya Juni ikikaribia, na ile ya Desemba vilevile, mitaa ya Mtwara na vijiji vya Lindi huanza mahesabu yake: nani anaingia jandoni, nani anachezwa unyago, ngoma itakesha kwa nani. Nyumba yenye mtu mwenye usonji (autism, hali ya ubongo inayofanya kelele, mguso na mabadiliko yamlemee mtu upesi) nayo ina mahesabu yake. Kelele, moshi, wageni, usingizi wa mang'amung'amu, chakula kisicho cha kila siku, nguo mpya inayowasha shingoni: kimoja kimoja huenda akakivumilia. Vikimjia vyote siku tatu mfululizo, mwili unashindwa.

Ukishindwa, una njia mbili. Ya kwanza ni kulipuka: analia, anapiga kelele, anajipiga kichwa, anarusha kilicho karibu au anatoka mbio bila kutazama aendako. Ya pili ni kuzima: maneno yanakauka, macho yanaganda mahali pamoja, mwili unakuwa mzito, ukimwita anachelewa kuitika au haitiki kabisa. Hachagui lolote kati ya hayo. Mtoto anayedeka huchungulia kama unamtazama, na ukimpa alichotaka ananyamaza. Aliyelipuka hana habari na watazamaji, na hata ukimpa alichokuwa akikitaka nusu saa iliyopita, hakimfai tena.

Kuzima ndiko kunakoeleweka vibaya zaidi, kwa sababu hakumsumbui mtu. Msichana amekaa pembeni ya ukumbi tangu saa mbili usiku, hasemi, hali, anafikichafikicha pindo la kanga kwa vidole viwili, na shangazi zake wanasifu: leo katulia. Hajatulia. Akisukumwa kidogo tu, kwa mfano akivutwa mkono aingie kucheza, kule kuzima kunaweza kugeuka mlipuko, au akabaki hivyohivyo mpaka kesho yake jioni.

Kazi kubwa basi ni ya kabla. Anza wiki mbili nyuma, kwa daftari la kawaida. Kila anapozidiwa, andika saa, kilichotokea nusu saa kabla yake, alichofanya mwili wake, muda uliopita hadi kutulia, na alivyoamka siku iliyofuata. Usiandike “alikasirika”, andika “aliuliza swali moja mara tisa, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, kisha akaziba masikio”. Baada ya kurasa chache utaziona dalili zake mwenyewe. Kuna anayeanza kutembea huku na huko, kuna anayebana taya, kuna ambaye majibu yake yanafupika hadi “ndiyo” na “sijui”. Kurusharusha mikono au kujiyumbisha si dalili mbaya peke yake. Wengi hujituliza kwa hilo, na kumkataza ni kumnyang'anya breki. Kinachotazamwa ni kubadilika kwa kasi na nguvu. Mtu mzima au kijana anayejieleza aulizwe yeye mwenyewe, tena siku ya raha: nini humchosha, na angependa afanyiweje.

Jambo la pili, ambalo familia nyingi huruka: mpime afya kabla ya wiki yenyewe. Mtu mwenye usonji anaweza kuwa na maumivu asiyaseme, au asiyatambue kuwa ni maumivu. Milipuko ikiongezeka ghafla bila sababu inayoonekana, pita kituo cha afya apimwe malaria, aangaliwe masikio na meno, na uulize kuhusu choo kigumu, maana tumbo lililojaa siku nne linaweza kumfanya mtoto aonekane mkorofi. Usimpeleke kwenye ngoma akiwa na jino bovu ukategemea uvumilivu.

Halafu ratiba. Ngoma ya kukesha huombewa kibali kwa serikali ya mtaa au kijiji, kwa hiyo siku na saa hujulikana mapema. Muulize mwenyekiti au mwenye shughuli ngoma itawekwa upande gani, spika za kukodi zitaelekezwa wapi, na nini kitaanza saa ngapi. Mchoree mistari ya mkaa ukutani, mmoja kwa siku, afute mwenyewe kila asubuhi. Mwambie na mwisho wake. Wengi huweza kustahimili kitu chenye mwisho unaojulikana, lakini “mpaka tuchoke” si saa. Ratiba ikibadilika, mwambie mara ile ile. Usimfiche ukidhani unamwokoa.

Ngoma yenyewe aione mchana, kabla wapigaji hawajaiotesha moto ngozi ikakaza. Aiguse, aipige mwenyewe polepole. Sauti anayoitoa mtu kwa mkono wake haimshtui kama ile inayomvamia. Vinyago vya midimu, wachezaji wa Kimakonde wanaojifunika uso, ni habari nyingine. Kimila, asiyepita jandoni haonyeshwi aliyemo ndani ya kinyago, kwa hiyo usivunje miiko ya watu kwa kumfunulia mtoto. Uliza tu saa za kutoka na njia watakayopita, kisha saa hizo awe kwingine.

Kuhusu masikio, watu hununua viziba vya sponji siku ya shughuli yenyewe na kushangaa vinapotupwa mchangani. Kizibo kinataka kuzoewa: dakika tano kwa siku, wiki moja au zaidi kabla, kwenye nyumba iliyotulia. Kiviringishe kiwe chembamba, vuta sikio juu kidogo kwa mkono mwingine, kiingize, ukishikilie nusu dakika kitanuke. Asiyekubali kitu ndani ya sikio ajaribiwe zile kofia za masikio wanazovaa mafundi wa mashine. Hata hivyo, usivitegemee mno. Vizuizi hivi hukata vizuri sauti kali za juu, lakini mdundo mzito wa ngoma kubwa na spika hupenya ukuta, hupanda kwenye sakafu, na huhisiwa kifuani. Dawa ya mdundo ni umbali. Nyumba ya bibi mitaa mitatu kutoka hapo inafaa kuliko chumba cha ndani kilichozibwa kwa magodoro. Ila alale huko usiku mmoja wa kawaida kabla, maana nyumba ngeni usiku wa kelele ni mizigo miwili.

Chumba cha kupumzikia, popote kitakapokuwa, kisigeuke tanuri. Kosa la kawaida ni kufunga madirisha yote ili kelele isiingie, na joto la Desemba huku pwani likamlipua kabla ya ngoma. Acha dirisha la upande wa pili wazi, tundika kanga nyeusi au ya rangi nzito kuzuia taa. Ondoa chupa ya chai, jiko la mkaa, koroboi, visu, mchi. Tandika mkeka na mto, weka shuka zito analolijua, maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Chandarua kipya chenye dawa kianikwe kivulini siku nzima kabla ya kutumika. Harufu yake inawakera hata wasio na usonji. Chakula chake kipikwe kando. Kama anakula ugali wa muhogo na samaki mkavu pekee, usiku wa pilau si usiku wa kumfundisha pilau, na njaa ni kuni kavu kwa mlipuko.

Sasa watu. Pangeni zamu kwa majina, saa mbili mbili, asiachiwe mama peke yake usiku kucha. Mwenye zamu hachezi, hagawi chakula, hapokei wageni. Kazi hii ina uzito kwa sababu ya maji: mtu mwenye usonji aliyezidiwa akitoroka, mara nyingi hatambui hatari, na wengi wao huvutwa na maji. Kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo kwa wanaopotea hivyo. Akikosekana, msianze kuuliza kwenye ngoma. Wa kwanza akimbilie kisimani, wa pili ufukweni, ndipo wengine watafute mitaani. Funika kisima tangu mchana. Andika namba mbili za simu kwa kalamu isiyofutika ndani ya ukosi wa shati lake.

Majirani nao waambiwe kabla, kwa maneno machache, kwa sababu mlipuko katikati ya ngoma hutafsiriwa haraka: kapandisha mashetani. Hapo mmoja ataleta ubani, mwingine maji ya kumwagia usoni, wa tatu atamkumbatia kwa nguvu, na wote kwa nia njema. Moshi wa ubani na mikono ya watu wanne ni kumwongezea kilekile kilichomshinda. Anayeweza kubeba karatasi mfukoni, iandikwe hivi: “Nina usonji. Nikizidiwa siwezi kuongea. Naomba nafasi na kimya, usinishike. Mpigie huyu.” Iwekewe plastiki, jasho lisifute.

Akiwa mwali ni yeye mwenyewe, mazungumzo yaanze miezi kabla. Kwa mvulana, tohara ifanyike kwenye kituo cha afya kwa dawa ya ganzi, mhudumu akiwa amejulishwa hali yake, na bandeji iwe imezoewa kwa kufungwa kwenye mkono au paja siku za mazoezi. Kwa binti, kungwi na somo waambiwe kwamba kutotazama macho si jeuri, kutojibu si kiburi, na kumgusa kunahitaji ruhusa. Kungwi asiyekubali hayo atafutwe mwingine. Pia inaruhusiwa kabisa kusema hapana.

Familia nyingine huona bora kusafiri, tuseme kutoka Mtwara kwenda kwa ndugu Lindi. Sawa, ila basi nalo lina spika. Omba kiti kisicho chini yake, upande wa kivuli, na umweleze kuwa pale Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi, gari husimama na wachuuzi hugonga madirisha.

Akizidiwa pamoja na maandalizi yote hayo, fanya machache. Msemaji awe mmoja. Watu waondolewe yeye abaki, isipokuwa mahali penyewe pana hatari. Simama upande, si mbele yake, umbali wa hatua mbili. Sema maneno matatu, “niko hapa, pole”, kisha nyamaza kwa nusu dakika kabla ya kurudia. Swali linataka jibu, na jibu ndilo lililomshinda. Akijipiga kichwa sakafuni, sukuma mto au kanga iliyokunjwa chini yake, usimshike kichwa. Usimfunge kamba, usimlaze kifudifudi, usimkalie. Kukandamizwa kifua au tumbo kunaweza kumzuia kupumua, na watu wamekufa hivyo. Kwa aliyezima, usimtikise wala kumbeba msobemsobe. Kaa karibu, punguza taa, ngoja. Kulipuka kunaweza kuchukua dakika chache au saa nzima. Kuzima kunaweza kuvuka siku.

Kuna jambo moja la kutochanganya. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine. Mwili ukikakamaa ghafla kisha ukaruka kwa mpigo unaolingana, akapoteza fahamu, pengine akajikojolea, huo si mlipuko tunaouzungumzia. Mlaze ubavu, usimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni, tazama saa. Ikizidi dakika tano, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, au amegonga kichwa na anasinzia, ni hospitali usiku huohuo, kwa bajaji au kwa gari la jirani. Kwa hiyo namba ya dereva aliyekubali kuamshwa saa nane za usiku iwe imeshaandikwa kwenye daftari.

Asubuhi yake atachoka kama aliyetoka kulima. Mwache alale, mpe maji na chakula chake, usimuulize “jana ulikuwa na nini” wala kumtaka aombe radhi mbele za wageni. Ikipita siku moja au mbili, kama anaongea, mketi na daftari mkatazame ukurasa mmoja tu: ilianzia wapi, nani aliona, nani hakuona. Kama haongei, linganisha mwenyewe na kurasa za nyuma, na ujaze ule mstari ambao wengi huuacha wazi, wa saa aliyorudi kula kama kawaida yake.