Somo: Kabureta Inayovuja Baada ya Gari Kulala Majira ya Baridi

Gari la zamani lenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) likilala miezi minne au mitano, kisha likaanza kudondosha petroli siku ya kwanza, wengi hushika bisibisi na kukaza kila skrubu. Naomba usikaze chochote kwanza. Petroli inapoanzia kutoka ndipo panapokuonyesha kilichoharibika, na ukikaza ovyo utapinda mfuniko wa kabureta. Wangu niliupinda hivyohivyo.

Gari likilala, petroli iliyobaki kwenye bakuli la floti (boya dogo linaloelea ndani ya kabureta) hukauka na kuacha utando wa kahawia unaonata. Gasketi (vipande vinavyoziba maungio) zilizozoea kuloa husinyaa. Petroli ikiwa na ethanoli (aina ya spiriti), mipira ya zamani huumia zaidi.

Kabla ya kugusa

Fanyia kazi mahali penye hewa, kamwe si juu ya shimo la gereji, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini. Injini iwe baridi, waya hasi wa betri utolewe, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Halafu chomoa kijiti cha kupimia oili, ukinuse. Kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda kupita alama, usipige stata: petroli imeshateremka ndani ya injini. Toa plagi, mwaga oili, weka mpya, na filta pia ubadilishe.

Hatua ya 1: tafuta chanzo

Futa kabureta mpaka ikauke. Iache pampu. Tundika chupa ndogo ya petroli nusu mita juu ya kabureta, uiunganishe kwa mpira wa mafuta, kisha tazama kwa tochi dakika kumi.

Unyevu ukianzia kwenye klipu, badilisha mpira wote. Ukianzia kwenye mshono wa mfuniko, ni gasketi. Kwenye pampu ya kuongezea kasi, ni diaframu (utando wake wa mpira). Petroli ikidondoka ndani ya koo la kabureta au kutoka kwenye bomba la kufurikia, kosa liko kwa sindano ya floti (inayofunga petroli bakuli likijaa) au floti yenyewe, na hapa ndipo magari mengi yaliyolala huangukia.

Hatua ya 2: sindano na floti

Fungua mfuniko, toa sindano, ipitishe ncha yake juu ya ukucha. Ukihisi mfereji mwembamba ukizunguka ncha, hiyo imekwisha. Nunua mpya pamoja na kiti chake (tundu ambalo ncha hukaa na kuziba). Kama ni utando tu, loweka kwa dawa ya kusafishia kabureta na ufute kwa kitambaa. Msasa usiuguse kabisa.

Floti ya shaba itikise sikioni. Ukisikia kitu kikichezacheza ndani, imetoboka. Izamishe kwenye maji ya moto, mbali na petroli: viputo vitakuonyesha tundu.

Hatua ya 3: kurudishia

Laza mfuniko juu ya kioo uone kama umenyooka. Weka gasketi mpya, kavu. Usipake silikoni ya kawaida, petroli huilainisha na vipande vyake huziba jeti (vitundu vidogo vya kupitishia petroli). Kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, kisha rudia jaribio la chupa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, yangu ilivuja siku moja ikaacha yenyewe. Niendelee kutembelea?*

Hapana, ndugu. Gasketi imeloa ikavimba tu, ikikauka itavuja tena. Badilisha kwanza, hasa kama ekzosi iko chini ya kabureta.

*Fundi, nimeweka sindano mpya na bado inafurika.*

Angalia mambo matatu: uchafu uliokwama kwenye kiti, kimo cha floti kulingana na kitabu cha gari lako, na msukumo wa pampu. Kabureta za SU (chapa ya Uingereza) kwa kawaida hazihitaji msukumo kupita psi 3 (psi ni kipimo cha msukumo). Kama kuna aliyekufungia pampu ya umeme ya injini ya injeksheni (isiyotumia kabureta, yenye msukumo mkubwa), sindano yoyote itashindwa.

*Msimu ujao nikaushe bakuli au niache na mafuta?*

Mimi siikaushi kabureta yenye gasketi za koki (gome la mti kama la vizibo vya chupa) au pampu ya ngozi. Jaza tangi, tia dawa ya kutunza petroli, kisha washa injini dakika kumi ili petroli yenye dawa ifike kwenye bakuli kabla hujaizima.