Redieta haipashi chumba? Fanya haya kabla hujatoa hela (kwa mlioko Uingereza)

Juzi nimemsaidia dada mmoja wa Leicester, anakaa kwenye zile nyumba za zamani za matofali zilizoungana mtaa mzima, sebule haivuki nyuzi 17 huku boila inawaka kutwa na bili inapaa, na fundi keshamwambia anunue boila mpya. Boila haina shida jamani. Maji yalikuwa yanazunguka vibaya na redieta ya sebuleni ni ndogo, basi. Naongelea boila ya gesi ya kombi, ile isiyo na tangi la maji moto.

Hatua ya 1: Hewa na presha

Redieta ikiwa baridi juu ina hewa, itoe kwa kile kifunguo kidogo mpaka maji yaanze kuchuruzika. Ikiwa baridi chini katikati huku juu inaunguza, hilo ni tope jeusi la kutu limelala humo, inabidi isafishwe. Presha mfumo ukiwa umepoa iwe bar 1 hadi 1.5. Twende.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya chumba

Vikokotoo vya maduka ya redieta mi sivikubali, vingi vinakuuliza urefu na upana wa chumba halafu vinakutajia BTU (kipimo kingine cha joto badala ya wati), wala havijauliza ukuta wako ni wa nini. Chukua karatasi. Kila kinachopakana na nje, eneo lake kwa mita za mraba, mara U yake (kiasi cha joto kinachopenya), mara tofauti ya joto la ndani na nje. Ukuta wa tofali tupu usio na uwazi katikati weka 2.1, dirisha la vioo viwili la zamani 2.8, sakafu ya mbao ya chini 0.7. Ndani 21, nje chukua -3, tofauti 24.

Sebule ya dada ni mita 4 kwa 3.5, kimo 2.4, ukuta wa nje ni mmoja tu. Ukuta ukishatoa dirisha 6 × 2.1 × 24 ni wati 302, dirisha 2.4 × 2.8 × 24 ni 161, sakafu 14 × 0.7 × 24 ni 235. Hewa inayopenya ni ujazo wa chumba 33.6 × 0.33 (joto linalobebwa na kila mita ya ujazo ya hewa) × 24, kama 266, hapo nimechukulia hewa yote inabadilika mara 1 kwa saa, ukiwa na chimni iliyo wazi ongeza. Jumla kama wati 960. Ukuta wa jirani weka sifuri, labda kama jirani mwenyewe hawashi. Ukitaka BTU zidisha kwa 3.41.

Hatua ya 3: Soma namba ya redieta vizuri

Aliyonayo ni K1, bati moja lenye mapezi mgongoni, kimo milimita 600 urefu 1000. Kwenye katalogi hizo zinaandikwa kama wati 1000, utasema inatosha. Haitoshi, maana hiyo namba imepimwa maji yakiingia nyuzi 75 yakitoka 65 na chumba kiko 20. Ukiendesha boila kwa 55, maji yakarudi 45, redieta ileile inatoa karibu nusu, yaani wati 490 hivi.

Ndio maana watu wanapandisha boila mpaka 80, chumba kinapata joto kweli, ila hizi boila za kondensi zinafaidi pale maji yanaporudi chini ya nyuzi 55 hivi ndipo mvuke wa kwenye moshi ugeuke maji na kuacha joto lake ndani. Yakirudi ya moto sana joto hilo linatokea nje kwenye bomba la moshi, na umeshalilipia. Kanuni za ujenzi za England tangu Juni 2022 zinataka mfumo mpya upangwe kwa maji yasiyozidi 55, kwa hiyo piga hesabu zako kwa hiyo 55.

Hatua ya 4: Balansi redieta, yaani zigawie maji sawasawa (hapa ndipo kazi ilipo)

Maji yanapita penye njia rahisi, redieta zilizo karibu na boila zinakunywa yote na ile ya mwisho inabaki na uvuguvugu. Kwake redieta ya koridoni ilikuwa inawaka ya kwanza, na thamostati iko hapohapo koridoni, ikiona 20 inazima boila wakati sebule ndo kwanza inaanza.

Anza mfumo ukiwa umepoa kabisa. Vichwa vya valvu za joto (vile vyenye namba, vinavyojifunga chumba kikipata joto) fungua mpaka mwisho, au ving'oe kabisa, thamostati ya ukutani ipandishe iwe 30 ili boila isizime katikati ya kazi. Kila redieta ina valvu ya pili upande wa pili yenye kofia ya plastiki, lokishildi, itoe kofia utaona kijiti cha shaba, ndio unakizungusha kwa spana ndogo (spana malaya inafaa ila shika kwa adabu, vijiti vya zamani vinavunjika). Kabla hujagusa, funga ukihesabu mizunguko, andika, urudishe, siku ukivuruga una pa kurudia. Kisha fungua zote, washa, pita ukishika mabomba, andika ipi imepata moto kwanza mpaka ya mwisho.

Ya kwanza ifunge kabisa halafu fungua robo mzunguko, inayofuata zaidi kidogo, hivyohivyo mpaka ya mwisho ambayo unaiacha wazi yote. Watu wanakata tamaa hapa kwa sababu wanapunguza kutoka juu, mzunguko mmoja, miwili, hakuna kinachobadilika! Valvu hizi karibu kazi yote inafanyika kwenye mzunguko wa kwanza kutoka ilipofungwa, huko juu kote ni kupoteza muda. Na ukigusa subiri nusu saa, usikimbilie nyingine.

Kupima, tumia vipimajoto viwili vya kubana kwenye bomba, kimoja maji yanapoingia kingine yanapotoka, usome vyote kwa wakati mmoja maana boila yenyewe inapandisha na kushusha. Ile bunduki ya infraredi kwenye shaba inayong'aa inasoma uongo, bandika kwanza utepe mweusi. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 20 ni sawa, cha muhimu redieta zote zikaribiane. Redieta isiyo na kichwa cha valvu, mara nyingi ya bafuni au koridoni, usiifunge kabisa, imeachwa hivyo makusudi maji yapate pa kupita zingine zikijifunga. Ikidondosha maji kwenye shina la valvu kaza nati yake kidogo sana.

Hatua ya 5: Shusha boila

Kitufe chenye alama ya redieta, sio cha bomba la maji. Weka 55, kaa nayo siku kadhaa za baridi ya kweli, nyumba itachelewa kupata joto kwa hiyo washa mapema. Wenye tangi la maji moto, tangi lenyewe lazima lifike 60 kwa ajili ya bakteria wa legionela, msifuate namba yangu kichwakichwa. Na kifuniko cha boila hakifunguliwi na mtu asiyesajiliwa Gas Safe, ile orodha rasmi ya mafundi wa gesi.

Hatua ya 6: Sasa nunua, tena chumba kilichobaki baridi tu

K2 (mabati mawili, kila moja na mapezi yake) ya 600 kwa 1200 ni kama wati 2050 kwenye katalogi, kwa maji ya 55 unapata 1000 na ushee, sebule imepona. Zile za kromu za mapambo achana nazo, zinatoa joto kidogo kuliko nyeupe ya ukubwa uleule. K2 ni nene kuliko K1, kwa hiyo mabomba hayatakaa palepale hata ukinunua ya urefu uleule, mwambie fundi kabla hajaja. Mpangaji amuulize mwenye nyumba kwanza. Mfumo ukijazwa tena uwekwe dawa ya kuzuia kutu, halafu ubalansi upya, redieta kubwa ishabadilisha njia ya maji.