Jinsi ya Kupanga Safari ya Siku Moja kwa Basi: Monasteri ya Mtakatifu Katarina na Jangwa la Sinai

Monasteri ya Mtakatifu Katarina, iliyo chini ya Jebel Musa, yaani Mlima Sinai, kusini mwa Rasi ya Sinai nchini Misri, kwa kawaida hufungulia wageni mlango saa tatu asubuhi na kuufunga saa sita mchana. Ijumaa na Jumapili haipokei watalii, wala katika sikukuu za Kiorthodoksi, ambazo mara nyingi haziangukii tarehe moja na sikukuu za Wakatoliki na Waprotestanti. Anayepanga msafara wa siku moja aanze na saa hizo tatu, kisha apange mengine yote kuzizunguka: saa ya kuondoka, mahali pa kula, na sehemu ya jangwa itakayoonwa baadaye. Jangwa halifungwi mchana, na kwa kweli hupendeza zaidi jua linapoanza kushuka. Msafara unaotangulia jangwani na kufika monasterini saa sita kasorobo utaona kuta na kuambiwa urudi kesho.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Dahab, mji mdogo wa pwani ya Ghuba ya Aqaba, kwa kuwa kutoka hapo hadi monasterini ni mwendo wa takriban saa mbili kwa basi. Kutoka Sharm el-Sheikh ni saa tatu au zaidi, na barabara inayotumiwa na wengi hupitia huko huko Dahab. Kwa hiyo wa Dahab waondoke saa kumi na mbili asubuhi, na wa Sharm saa kumi na moja alfajiri au mapema zaidi. Kutoka Cairo safari hii haifai kabisa kuwa ya siku moja, hata kama kuna anayeitangaza hivyo: wasafiri hufika wamechoka, nao hurudi usiku bila kukumbuka walichokiona.

Kabla ya hayo yote, shughulikia hati. Barabarani kuna vituo vya ukaguzi, na askari huweza kuingia ndani ya basi na kutaka pasipoti ya kila mtu. Kivuli cha pasipoti kilichobaki kwenye simu hakitoshi. Kila msafiri awe na pasipoti yenyewe mkononi, wala isibaki kwenye kabati la hoteli. Wageni wa baadhi ya mataifa hugongewa muhuri wa kuingia Sinai ya kusini pekee, lakini msafiri kutoka Afrika Mashariki asiutegemee utaratibu huo. Aulize habari za viza katika ubalozi wa Misri ulioko Nairobi au Dar es Salaam muda mrefu kabla ya kukata tiketi, na aulize pia hali ya usalama, kwa kuwa ushauri unaohusu kaskazini mwa rasi si ule unaohusu kusini. Kiongozi wa msafara awe na nakala kadhaa za orodha ya majina na namba za pasipoti. Kukabidhi karatasi moja kituoni huokoa dakika nyingi, na dakika hizo hutolewa katika zile saa tatu.

Waeleze wasafiri mavazi mapema, tena kwa maandishi. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na kwa wanawake, na kitenge au shuka nyepesi ya ziada ndani ya basi itawafaa watakaosahau. Monasteri iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu aliyeondoka pwani akiwa na fulana tu atatetemeka akishuka garini asubuhi ya Januari, ingawa mchana huohuo jua litamchoma uso. Koti, kofia, viatu vilivyofungwa na maji yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu ni mambo ya lazima. Hewa ya huko ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona, na watu wa pwani zetu, waliozoea joto la kulowesha shati, ndio hasa wanaosahau kunywa maji.

Tumia mwendo wa asubuhi kuwaeleza watu wanakokwenda, kwa sababu ndani ya kuta hakuna nafasi ya kutoa mhadhara. Kwa Wakristo, hapa ndipo mapokeo yanapoweka kijiti kilichowaka moto bila kuteketea na mlima wa Amri Kumi. Kwa Waislamu, Mlima Sinai umeapiwa katika Surat At-Tin, na Nabii Musa ni wa heshima kwa wote. Hilo huufanya msafara uliochanganya dini kuwa jambo la kawaida mahali hapa, na ningependa makundi ya aina hiyo yawe mengi zaidi. Watawa wapweke walikuwa wakiishi katika mabonde haya tangu karne ya 4, na Egeria, mwanamke aliyehiji kutoka magharibi mwa Ulaya katika miaka ya 380, aliandika kwamba alikuta kanisa na bustani penye kijiti. Kuta tunazoziona leo zilijengwa kwa amri ya Justinian, Kaizari wa Dola ya Kibizanti, yaani Roma ya Mashariki yenye makao Konstantinopoli. Boriti za dari la kanisa zina maandishi yanayomtaja yeye kama aliye hai na mkewe Theodora kama marehemu, na kwa kuwa Theodora alifariki mwaka 548 na Justinian mwaka 565, wataalamu wanajua kwamba kazi hiyo ilikamilika kati ya miaka hiyo miwili.

Basi huishia kwenye maegesho, na kutoka hapo kuna mwendo wa kupanda taratibu kwa miguu. Wazee watafutiwe gari dogo. Wagawe wasafiri katika vikundi vya watu kumi na watano au chini ya hapo, kwa kuwa mlango ni mdogo na vijia vya ndani ni vyembamba. Zamani hata mlango huo haukutumika: kwa karne kadhaa mgeni alivutwa juu ya ukuta kwa kamba, na kibanda cha mbao kilichotokeza juu ya ukuta, ambamo kapi lilifanya kazi, bado kinaonekana ukiinua macho.

Ndani, anza na kanisa kuu kabla halijajaa. Simama kidogo kwenye milango. Ya ndani ni mbao za karne ya 6, umri mmoja na kuta, zilizochongwa wanyama, ndege na majani. Ukisogeza uso karibu utaona kingo za michoro zimelainika kwa karne za kuguswa na kupigwa vumbi, lakini manyoya ya ndege bado yanahesabika. Usiiguse. Juu ya madhabahu kuna mozaiki, picha ya vipande vidogo vya rangi, ya Kugeuka Sura kwa Kristo, akiwa kati ya Eliya na Musa, huku Petro, Yohane na Yakobo wakiwa chini yake kwa mshangao. Taa zinazoning'inia na ukuta wa ikoni, yaani picha takatifu, huficha sehemu ya picha hiyo, hivyo mwongozaji mwema huwapeleka watu wachache wachache pembeni, mahali ambapo uso wa Kristo huonekana. Kupiga picha ndani ya kanisa hakuruhusiwi, na kiongozi aliseme hilo nje, kwa sababu kumkemea mtu mzima mbele ya watawa ni aibu kwa kundi zima.

Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania watakuta ibada na nyimbo za mapokeo ya Kigiriki wanayoyafahamu kwao. Wengine wajue tu kwamba hii ni nyumba ya watu wanaosali kila siku, na kwamba mtawa anayepita kimya si sehemu ya maonyesho.

Nyuma ya kanisa kimeota kichaka cha miiba ambacho watawa wanakitunza kama kizazi cha kijiti cha Musa. Watu hutaka kuchuma jani la kumbukumbu. Wakataze kwa upole na mapema, maana mahujaji mia moja kwa siku, jani moja moja, wangekimaliza kichaka ambacho mikono ya watu imekilinda muda wote huo. Hatua chache kutoka hapo pana kisima ambacho mapokeo yanasema Musa alikutana na mabinti wa Yethro, na mkabala na mnara wa kengele za kanisa umesimama mnara wa msikiti mdogo wa zama za Wafatimi, watawala wa Kiislamu wa Misri. Mimbari ya mbao ya msikiti huo ina umri wa zaidi ya miaka 900. Msikiti ndani ya kuta za monasteri huwashangaza wageni wengi, lakini haupo kwa bahati: watawa wanahifadhi nakala ya hati ya ulinzi wanayoamini ilitoka kwa Mtume Muhammad, na Mabedui wa kabila la Jebeliya, walio Waislamu, wamekuwa walinzi na wafanyakazi wa nyumba hii kizazi baada ya kizazi. Wao wenyewe husimulia kwamba asili yao ni familia zilizoletwa na Justinian kuilinda.

Tenga angalau dakika arobaini kwa jumba la makumbusho, hata kama itabidi kupunguza kwingine. Hapo ndipo pana hazina ambayo sehemu nyingine za ulimwengu wa Kibizanti ziliipoteza. Katika karne ya 8 na ya 9, watawala wa Konstantinopoli walipoamuru ikoni ziharibiwe, Sinai ilikuwa tayari chini ya utawala wa Waislamu, na amri hiyo haikufika. Ndiyo sababu ikoni ya Kristo ya karne ya 6, iliyochorwa kwa rangi iliyochanganywa na nta, ipo hadi leo. Mwambie msafiri afunike nusu moja ya uso huo kwa kiganja akiwa mbali, kisha nusu nyingine: upande mmoja ni mpole, upande wa pili ni mkali, na jicho moja halifanani na jingine. Maktaba yenyewe, yenye hati za mkono zaidi ya 3,000, haifunguliwi kwa watalii, ila baadhi ya kurasa huonyeshwa hapo. Kodeksi ya Sinai, mojawapo ya nakala za kale kabisa za Biblia, ilitoka katika nyumba hii katika karne ya 19 kupitia mikono ya mtaalamu wa Kijerumani Constantin von Tischendorf, na sehemu kubwa yake iko London tangu Uingereza ilipoinunua kutoka Urusi ya Kisovieti mwaka 1933. Mwaka 1975 watawa waligundua chumba kilichozibwa katika ukuta wa kaskazini, na miongoni mwa mamia ya hati zilizokuwamo zilipatikana kurasa nyingine za kodeksi hiyohiyo.

Usiunganishe ziara hii na kupanda Jebel Musa. Kilele kina urefu wa meta 2,285, wapandaji huondoka usiku wa manane ili wakute jua likichomoza, na anayeshuka asubuhi huingia kanisani akiwa anasinzia. Mlima unastahili siku yake.

Chakula cha mchana kiagizwe kwa Mabedui wa mji wa Katarina siku moja kabla, kwa simu, kwa idadi kamili ya walaji. Ukisafiri mwezi wa Ramadhani, wapishi wako watakuwa wamefunga, basi chukueni chakula cha kubeba na mle ndani ya basi.

Alasiri ni ya jangwa, na hapa ndipo wapangaji wengi wanapokosea kwa kudhani kwamba dirisha la basi linatosha. Ni kweli kwamba hata dirishani kuna mengi: karibu na monasteri milima ni ya itale nyekundu, iliyokatwa na mishipa ya mawe meusi iliyonyooka kama mistari ya rula, na kadiri basi linavyoelekea mashariki itale inaiachia nafasi miamba ya mawe mchanga, ya manjano, waridi na zambarau, rangi zinazotokana hasa na chuma kilichomo ndani yake. Mwombe dereva apunguze mwendo sehemu hiyo. Hata hivyo mtu hajafika jangwani mpaka amekanyaga mchanga na injini ikazimwa.

Kampuni nyingi hupeleka wageni Jangwa la Buluu, si mbali na mji, ambako msanii wa Kibelgiji Jean Verame alipaka rangi ya buluu mawe makubwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuadhimisha amani kati ya Misri na Israeli. Kama muda ni mchache, mimi hupendekeza kuliacha na kwenda moja kwa moja kwenye oasisi ya Ain Khudra, upande wa kaskazini wa barabara inayorudi pwani. Basi haliingii mchangani. Likijaribu litazama hadi ekseli. Kwa hiyo patana mapema na Mabedui wenye pikapu, gari moja kwa watu wanane hivi, bei ikikubaliwa kwa kwenda na kurudi kabla mtu yeyote hajapanda. Kutoka ukingo wa genge utaona chini kabisa kiraka cha mitende ya kijani kilichozingirwa na miamba mitupu, na wengi hupatambua kuwa Haserothi ya kitabu cha Hesabu, mahali Miriamu alipopigwa kwa ukoma.

Jirani na hapo kuna nawamis, makaburi ya mviringo yaliyopangwa kwa mawe bila udongo wa kushikizia, yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, na milango yake yote hutazama magharibi. Mabedui husimulia kwamba Wana wa Israeli waliyajenga kujikinga na mbu, na jina lenyewe linatokana na neno la mbu. Fika hapo saa moja kabla ya machweo, wape watu dakika kumi na tano za kukaa kimya, kila mmoja peke yake, simu zikiwa mfukoni. Mgunga mmoja mmoja bondeni, jiwe linalopoa na kutoa mlio mdogo, upepo, na si zaidi; hapo ndipo wengi huelewa kwa nini watu walioishi Aleksandria na Konstantinopoli waliyaacha yote na kuja kusali huku.

Wakati wa baridi jua huzama saa kumi na moja jioni au karibu na hapo, na giza huingia upesi. Hesabu watu mara mbili, mara moja kwenye pikapu na mara moja ndani ya basi, walipe Mabedui kwa noti ndogo za Misri ulizoziandaa tangu Dahab, kisha waambie wasafiri wazitoe tena pasipoti kabla hawajalala, kwa kuwa kituo cha ukaguzi kiko mbele.