Namna ya kumpima kocha wa mashambulizi katika futiboli ya Kimarekani ya vyuo

Usianze na pointi kwa mechi. Timu inayocheza haraka hupata mpira mara nyingi zaidi, hivyo pointi zake huvimba hata ikiwa butu. Gawanya pointi kwa idadi ya mara ilizomiliki mpira, na uondoe dakika za mwisho za mechi iliyokwisha kuamuliwa.

Kisha pima kila mchezo, yaani kila jaribio la kusogeza mpira mbele. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10: la kwanza lilete angalau 50% ya yadi zinazohitajika, la pili 70%, la tatu na la nne zote. Kupata yadi 3 pale zinapohitajika 10 ni hasara. Kupata yadi 3 pale zinapohitajika 2 ni kazi safi.

Penye utata ni mfumo. Timu ya kocha Mike Leach pale chuo cha Texas Tech ilirusha mpira karibu kila mara. Ya kocha Paul Johnson pale chuo cha Georgia Tech ilikimbia nao. Wote walishinda, kwa hiyo kulaumu mfumo wenyewe ni uvivu. Uliza kama unawafaa wachezaji waliopo. Kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) mzito akipewa michezo ya kumsoma mlinzi wa pembeni, yaani kumtazama kisha kuamua ampe mkimbiaji mpira au akimbie nao mwenyewe, mlinzi huyo hamwogopi: humfuata mkimbiaji moja kwa moja, na mchezo hufia pale pale.

Tazama pia baada ya michezo 15 hivi ya mwanzo, ambayo makocha wengi huipanga kabla ya mechi. Mashambulizi yakikauka hapo, kocha anajua kuandaa, hajui kujibu. Na hakikisha kwanza ni yeye anayechagua michezo. Mara nyingine ni kocha mkuu.