Andika mchezo wa kukisia nauli kwa Python

Zoezi hili hupewa karibu kila anayeanza kuandika programu: kompyuta inaficha nambari, wewe unaitafuta. Sisi wa Nairobi tuulete mchezo kwenye matatu. Makanga ana nauli kichwani, kati ya shilingi 1 na 100, na hataki kuitaja. Kama huna kompyuta, Pydroid 3, app ya kuandikia lugha ya Python, kwenye simu ya Android inatosha, na ukishaipakua haihitaji bando kuendesha mchezo huu.

Hatua ya 1: ficha nauli

```
import random
siri = random.randint(1, 100)
mara = 0
```

Hapa 1 na 100 zenyewe zinaweza kutoka pia. `mara` itahesabu majaribio.

Hatua ya 2: pokea jibu

```
kisio = int(input("Nauli ngapi? "))
```

Usiuandike mstari huu kwenye faili bado. Uelewe kwanza, maana ndipo wengi hukwama. Chochote unachochapa, `input` hukipokea kama maandishi. Ukichapa 50, Python inaona alama ya 5 ikifuatwa na ya 0, si hamsini. Kazi ya `int` ni kuyageuza maandishi hayo kuwa nambari. Ukiiondoa kisha ulinganishe jibu na `siri`, programu itakatika na kukutupia TypeError, yaani kosa la kuchanganya maandishi na nambari. Mchezo ukishamalizika, iondoe makusudi uone. Ujumbe huo utakutana nao tena sana.

Hatua ya 3: rudia mpaka apate au amalize majaribio 7

```
while mara < 7:
    try:
        kisio = int(input("Nauli ngapi? "))
    except ValueError:
        print("Andika tarakimu, boss!")
        continue
    mara = mara + 1
    if kisio < siri:
        print("Ongeza!")
    elif kisio > siri:
        print("Punguza!")
    else:
        print("Sawa, keti. Mara:", mara)
        break
else:
    print("Shuka! Ilikuwa", siri)
```

Sehemu ya `try` ni ya yule rafiki atakayeandika "hamsini" kwa herufi. Kwa kuwa `mara` inaongezwa baada yake, kosa hilo halimli nafasi. Kuwa makini na `else` ya mwisho: imenyooka na `while`, si na `if`, na inafanya kazi pale tu kitanzi, yaani marudio ya `while`, kinapoisha bila kufika kwenye `break`, amri ya kukikatisha. Ukiisogeza ndani, Python itakataa kabisa kuanza.

Mbona majaribio 7? Anza na 50. Hata ukikosa, zinabaki nauli 50 kwa wingi. Ukikata katikati kila mara, zinabaki 25, kisha 12, 6, 3, halafu moja tu. Jaribio la saba linaipata. Anayekisia ovyo atashushwa njiani mara nyingi.

Ukijaribu mchezo, weka `print(siri)` chini ya mstari wa `randint` ili uone kama "Ongeza" na "Punguza" zinasema kweli. Ifute kabla hujampa mtu simu.