Uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali: pa kuanzia kama huna mtaji

Vijana wengi wanaonifuata hapa Tanga huuliza swali moja: ninunue kozi gani ili niwe mchunguzi wa ushahidi wa kidijitali, yule anayetafuta ushahidi ndani ya kompyuta, flashi na simu? Nawajibu wanunue flashi ya GB 8 na kaunta buku. Kozi moja ya SANS, taasisi ya Marekani ya mafunzo ya usalama wa kompyuta, inazidi dola 8,000 za Marekani, na mtihani wa cheti chake nao una bei yake. Hizo ni pesa za mwajiri, si za mtu anayeanza. Programu za kujifunzia ni za bure, tena nyingine ndizo hizo hizo zinazotumika kazini. Kinachokutofautisha na fundi wa kurudisha picha ni kuweza kumwonyesha mtu yeyote, hatua kwa hatua, kwamba ulichokabidhiwa hukukibadilisha.

Hatua ya 1: Mashine

Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8 inatosha. Ukipata ya GB 16 utafanya kazi kwa raha zaidi. Ila ukiwa dukani, kabla ya kuuliza prosesa, uliza betri. Diski ya GB 500 ikisomwa kwa MB 30 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya kawaida ya USB 2, inachukua zaidi ya saa nne na nusu. Umeme ukikatika saa ya nne na betri imekufa, unaanza upya. Kwa hiyo tafuta pia tundu la USB 3.

Pesa inayobaki nunua diski ya nje ya TB 1 ya kupokelea nakala. Programu za kreki achana nazo kabisa, hata ukipewa bure na rafiki. Siku ripoti yako ikifika mbele ya wakili wa upande wa pili, swali la leseni linaweza kuja kabla ya swali la ushahidi.

Hatua ya 2: Jitungie kesi

Fomati ile flashi ya GB 8 iwe FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao flashi nyingi hutumia. Weka picha kumi hivi: chache kutoka kwenye kamera ya kweli, chache ulizotumiwa WhatsApp, na barua moja au mbili za Word. Kila unachofanya kiandike kwenye kaunta buku: faili gani, saa ngapi, kutoka wapi. Kisha futa tatu. Andika na hilo.

Hii kaunta buku si mapambo. Ndiyo majibu ya mtihani wako mwenyewe, maana baadaye utalinganisha kile programu inachosema na kile unachojua kilitokea.

Hatua ya 3: Chukua nakala bila kugusa chanzo

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukichomeka flashi kwenye Windows ya kawaida, mfumo unaweza kuiandikia mambo yake hata kama hujafungua faili lolote. Ile folda iliyofichwa ya System Volume Information mara nyingi huzaliwa hivyo. Wenye uwezo wana kifaa maalumu kinachokaa katikati na kuzuia maandishi yasifike kwenye chanzo. Wewe utatumia CAINE, Linux ya bure iliyotengenezwa Italia kwa ajili ya kazi hii. Ipakue, iweke kwenye flashi nyingine kwa Rufus, programu ya bure ya kutengeneza flashi ya kuwashia kompyuta, halafu washa laptopu kutoka kwenye flashi hiyo. CAINE hufungia vifaa vyote viwe vya kusomwa tu. Diski yako ya nje ya kupokea nakala utaifungulia mwenyewe kwa programu yake iitwayo UnBlock. Soma jina na ukubwa wa kifaa mara mbili kabla hujabofya: unafungulia diski ya kupokea, chanzo kinabaki kimefungwa.

Ndani ya CAINE fungua Guymager, programu ya kuchukua nakala. Tafuta flashi yako kwenye orodha, bofya kulia, anza kuchukua nakala. Chagua E01, muundo wa faili za nakala za ushahidi, jaza namba ya kesi, namba ya kielelezo na jina lako, weka alama kwenye SHA-256 (njia ya kukokotoa hashi, yaani alama ya utambulisho wa data yote) na kwenye uhakiki wa nakala baada ya kumaliza. Usiruke sehemu hizo za kujaza eti kwa sababu ni mazoezi tu: zinaingia moja kwa moja kwenye faili la maelezo linalokaa pembeni ya nakala.

Ukimaliza, fungua faili hilo la maelezo. Utaona hashi: mstari wa herufi na tarakimu 64. Data ikibadilika hata kidogo, mstari huo nao hubadilika. Uandike kwenye kaunta buku. Sasa fanya jaribio hili. Rudi Windows, chomeka flashi ile ile, iache dakika moja bila kufungua chochote, ichomoe. Rudi CAINE uchukue nakala ya pili. Mara nyingi utakuta hashi haifanani hata kidogo na ya kwanza, na wewe hukugusa kitu. Mtu aliyefanya jaribio hili mwenyewe hahitaji kuhubiriwa tena kuhusu kuzuia maandishi.

Hatua ya 4: Fungua nakala kwenye Autopsy

Autopsy ni programu ya kuchambua nakala, ni ya bure na inafanya kazi vizuri kwenye Windows. Fungua kesi mpya, ongeza nakala yako ya E01. Itakuletea orodha ya kazi za kufanya. Kwenye mashine ndogo zima utafutaji wa maneno, ni mzito. Utambuzi wa aina za faili, taarifa za picha, na PhotoRec, inayofufua faili zilizofutwa, ziache zimewashwa.

Faili zilizofutwa zina alama nyekundu. Kama ulifuta picha ya kamera iliyoitwa IMG_0012.JPG, huenda ukaiona kama _MG_0012.JPG. FAT inapofuta faili haiondoi picha. Inabadilisha baiti ya kwanza ya jina kuwa E5 na kutangaza kwamba nafasi ile iko wazi. Fungua mwonekano wa heksi, unaoonyesha kila baiti kwa herufi na tarakimu mbili: picha ya JPEG ikiwa bado nzima itaanza na FF D8 FF. Ukiona baiti hizo tatu unajua kuna kitu cha kufuata. Linganisha pia picha ya kamera na ya WhatsApp. Ya kamera itakueleza aina ya kamera na saa ya kupigwa, ya WhatsApp kwa kawaida imeshavuliwa taarifa hizo njiani.

Sasa suala la saa, ambalo kwetu ni gumu kuliko vitabu vya kizungu vinavyodhani. Autopsy itakuuliza ukanda wa saa wa chanzo. Weka Africa/Dar_es_Salaam. FAT huandika saa ya mahali bila kusema ni mahali gani, ilhali NTFS, mpangilio wa diski za Windows, huandika kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma yetu. Ongeza juu yake namna sisi tunavyohesabu saa. Faili limeandikwa 22:15 UTC tarehe 3. Kwetu hiyo ni 01:15 tarehe 4. Mlinzi wa ghala atakwambia “saa saba na robo usiku, tarehe 3,” na hasemi uongo. Mtu anayesoma ripoti yako haraka ataona tarehe mbili na saa tatu tofauti, aamue kwamba mmoja wenu kadanganya. Mimi huandika hivi kila mahali (EAT ni saa za Afrika Mashariki): 01:15 EAT, yaani saa saba na robo usiku wa kuamkia tarehe 4. Ni ndefu, lakini hakuna aliyewahi kunipigia simu kuuliza nilimaanisha nini.

Hatua ya 5: Chunguza kesi za wengine

Ukishazoea flashi yako, pakua kesi za mazoezi. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ina hazina ya mazoezi iitwayo CFReDS, na humo kuna kesi ya kubuni ya laptopu ya Dell iliyokutwa imetelekezwa Septemba 2004, inayodhaniwa ni ya mdukuzi anayejiita Mr. Evil. Inakuja na orodha ya maswali, na la kwanza kabisa ni la hashi. Windows yake ni XP, ya zamani, lakini kama mazoezi ya kwanza sijaona bora zaidi.

Baada ya hapo nenda Digital Corpora, tovuti nyingine ya kesi za mazoezi, chukua M57-Jean: jedwali la mishahara ya kampuni limevuja na limetokea kwenye kompyuta ya mfanyakazi mmoja. Hiyo ndiyo sura ya kesi za ofisini, hapa na kwingineko. Usisome majibu kabla ya kuandika yako. Faili ni kubwa, hivyo pakua kwa bando la usiku.

Hatua ya 6: Ruhusa

Mama mmoja alinijia na simu aliyoifunga ndani ya pindo la khanga.

“Mwanangu, nifungulie hii ya baba yao. Nataka WhatsApp tu.”

“Shikamoo mama. Mwenyewe anajua iko hapa?”

“Angejua ningekuja kwako?”

Nilimrudishia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na simu ya mume ni mfumo wa mume. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inakugusa pindi unapohifadhi picha na mazungumzo ya watu. Ukiongeza Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ambayo inaieleza mahakama ipime nini kabla ya kuupa uzito ushahidi wa kielektroniki, utaona tena yale ya Hatua ya 3: uhakika wa namna data ilivyotunzwa na kwamba haikubadilika. Zisome zote tatu, si ndefu.

Na kwa jumla, usianze na simu. Najua ndizo zinazojaa mezani kwa kila fundi, lakini simu za siku hizi zimesimbwa, yaani data yake haisomeki bila ufunguo, na vifaa vya kuzifungua ni vya bei ya taasisi.

Hatua ya 7: Kazi za kwanza za kulipwa

Zungukia wapiga picha wa harusi, hapa Tanga pale Ngamiani wapo tele. Memori kadi iliyofomatiwa kabla picha hazijahamishwa ni kilio cha kila msimu. Mwambie mteja aiache kadi kama ilivyo, asiendelee kupigia. Chukua nakala kwa utaratibu ule ule, kisha pitisha PhotoRec kwenye nakala. Picha nyingi hurudi bila majina yake. Video ndefu hurudi kwa shida, kwa sababu mara nyingi vipande vyake vimetawanyika na fomati imeshafuta ramani ya kuviunganisha.

Toza kazi ya kutafuta, usitoze kwa idadi ya picha zilizopatikana, na mkubaliane hivyo kabla. Mteja asaini karatasi moja: kadi ni yake, anakuruhusu kuichukulia nakala, na nakala utaifuta baada ya muda gani. Picha za ndani za bibi harusi zitapita mbele ya macho yako. Kama huwezi kunyamaza, tafuta kazi nyingine.

Hatua ya 8: Kuomba ajira

Benki, kampuni za simu, kampuni za ukaguzi na vyombo vya dola ndiko ajira zilipo, na nyingi ziko Dar. Barua ya maombi iambatanishe na ripoti yako ya M57-Jean, kurasa tano au sita: ulipewa nini, hashi ilikuwa ipi, ulifanya nini, ulikuta nini, na kipi hukuweza kukithibitisha. Hicho cha mwisho usikifiche, mchunguzi mzoefu hukitafuta kwanza. Weka Kiswahili na Kiingereza, maana mwanasheria wa kampuni na mkuu wa tehama huenda wasiisome kwa lugha moja.

Ukishaajiriwa, ndipo uombe walipie SANS.