Umepigwa kazini Uingereza: haki zako, fidia na mambo ya kufanya mapema

Wahudumu wengi wa nyumba za wazee Uingereza wamewahi kusikia jibu hili kutoka kwa meneja baada ya kung'atwa, kupigwa ngumi au kurushiwa kiti na mtu wanayemhudumia: "Ndiyo kazi yenyewe, utazoea." Walinzi wa usiku, madereva wa mabasi na makeshia wanalijua pia. Jibu hilo halina msingi wowote kisheria. Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya 1974 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi kadiri inavyowezekana kwa busara, na kanuni za 1999 zinamtaka afanye tathmini ya hatari. Hatari ya kupigwa na mtu imo katika tathmini hiyo, kama ilivyo hatari ya kuteleza au kuungua.

Naandika hasa kwa ndugu zetu walio kwenye kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa, kwa viza ya udhamini, kwa sababu ndio wanaoumia na kunyamaza zaidi. Mtu anahesabu ada ya shule nyumbani, deni la wakala aliyemleta na viza iliyo mikononi mwa mwajiri, kisha anameza maumivu na kurudi shifti kesho yake. Miezi inapita, kamera zimeshafuta picha, shahidi ameshahama, na kesi iliyokuwa na nguvu inabaki maneno matupu.

Siku ya kwanza

Kama bado kuna hatari, ondoka. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Haki za Ajira ya 1996 kinamlinda mfanyakazi anayeondoka mahali anapoamini, kwa sababu za msingi, kwamba kuna hatari kubwa inayomkabili. Kama unamhudumia mtu asiyejiweza, usimwache peke yake bila kumwita mwenzako, maana hilo linaweza kukugeukia baadaye.

Piga 999 kama shambulio linaendelea au mtu ameumia vibaya, na 101 kama mambo yametulia. Omba namba ya kesi. Hii ni kama RB ya Tanzania au OB ya Kenya, na bila hiyo maombi ya fidia ya serikali hayana pa kusimama. Hulipi chochote kuipata. Kama Kiingereza chako kinakwama ukiwa na mshtuko, omba mkalimani wa Kiswahili. Ni haki ya mhanga wa uhalifu na gharama haimhusu. Eleza pia maneno uliyotamkiwa. Kama ulitukanwa kwa rangi yako, dini au utaifa wako wakati unapigwa, sema neno kwa neno hata kama linakuchoma, kwa sababu chuki ya aina hiyo huongeza uzito wa kosa na wa adhabu.

Nenda hospitali au kwa daktari wako wa mtaani (GP) siku hiyohiyo ukiweza. Idara ya dharura haimtozi mtu yeyote, na mwenye viza ya kazi anatibiwa NHS, huduma ya afya ya umma, bila kulipa isipokuwa vitu kama dawa za maduka ya dawa na meno. Mwambie daktari waziwazi kwamba ulipigwa kazini, na mtaje kila kinachouma, hata kidogo. Sisi tumelelewa kusema "nipo sawa" mbele ya daktari. Jibu hilo likiandikwa kwenye faili, wakili wa upande wa pili atalisoma kwa sauti. Usingizi usiokuja, hofu ya kurudi kazini na kushtuka mlango unapogongwa navyo viandikwe, kwa sababu madhara ya akili yana fidia yake.

Kisha kitabu cha ajali. Mwambie meneja tukio liandikwe, na kama anasitasita, mtumie barua pepe usiku huohuo ukieleza saa, mahali, nani alikuwepo na nini kilitokea. Barua pepe yenye tarehe ni ushahidi hata kama haijibiwi. Ukikosa kazi zaidi ya siku 7 mfululizo, au ukivunjika mfupa usio wa kidole, mwajiri anawajibika kuiripoti ajali kwa mamlaka chini ya kanuni za RIDDOR za 2013, na shambulio dhidi ya mfanyakazi kazini linahesabiwa humo.

Omba picha za kamera kwa maandishi. Sehemu nyingi huzifuta baada ya mwezi hivi. Wewe umo kwenye picha, kwa hiyo una haki ya kuomba nakala chini ya sheria ya ulinzi wa data, na kwa kawaida wanatakiwa wakujibu ndani ya mwezi 1.

Jambo dogo linalotusumbua sana sisi: majina. Polisi, hospitali, mkataba wa kazi na maombi ya fidia vyote vitumie jina lililo kwenye pasi yako, kwa mpangilio uleule. Mtu anayeitwa kwa jina la babu kazini na jina la baba hospitalini atapoteza miezi akithibitisha kwamba ni yeye.

Fidia ya serikali

England, Wales na Scotland zina mpango unaoendeshwa na mamlaka iitwayo CICA kwa watu walioumizwa na uhalifu wa kutumia nguvu. Ireland Kaskazini ina utaratibu wake. Muda wa kuomba ni miaka 2 tangu tukio, na huongezwa kwa sababu nzito tu. Aliyekupiga si lazima ahukumiwe, wala hata akamatwe, lakini ni lazima uwe umeripoti polisi mapema na kushirikiana nao. Malipo ya chini ni pauni 1,000 na ya juu kabisa ni pauni 500,000. Michubuko iliyopona kwa siku chache haifiki kiwango. Madhara ya akili yaliyokulemaza shughuli za kila siku kwa wiki 6 au zaidi, yakithibitishwa kitabibu, yanafika.

Uraia wa Uingereza hauhitajiki. Anayeishi nchini kihalali na kwa kawaida siku ya tukio anaweza kuomba, na fedha hizi hazimo kwenye orodha ya misaada ya umma ambayo viza yako inakukataza. Aliyeomba hifadhi anaweza kuomba pia, ingawa uamuzi husubiri hatima ya ombi lake. Kinachowaangusha wengi ni kuwa na hukumu ya jinai ambayo muda wake haujaisha, hata kama haihusiani kabisa na tukio.

Kuomba ni bure na fomu unaijaza mwenyewe kwenye tovuti ya serikali. Ukitumia wakili, CICA haimlipi, kwa hiyo ada yake inatoka kwenye fedha zako. Kwa jeraha la kawaida, mtu wa Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, au rafiki anayeelewa fomu anatosha. Kwa jeraha la kichwa, au lililokuondoa kazini moja kwa moja, tafuta wakili.

Usitegemee CICA ikurudishie mshahara wa mwezi mmoja au miwili uliyokaa nyumbani. Mpango wake haulipi mapato ya wiki 28 za kwanza, na baada ya hapo hulipa kwa kiwango kidogo cha malipo ya ugonjwa ya kisheria. Mshahara uliopotea hudaiwa kwa njia nyingine, na kwa wafanyakazi wa kea njia hiyo ndiyo yenye uzito zaidi.

Kumdai mwajiri

Sheria ya 1969 inamlazimisha karibu kila mwajiri binafsi kuwa na bima ya kuwalipa wafanyakazi wanaoumia, isiyopungua pauni milioni 5. Cheti chake kinapaswa kuwa mahali ambapo wafanyakazi wanaweza kukisoma. Ukimdai mwajiri aliyezembea, anayelipa ni kampuni ya bima. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia wengi wakisema wanamwonea huruma mwenye nyumba ya wazee, wasimfilisi. Hawamfilisi.

Swali ni moja: je, mwajiri alijua au alipaswa kujua kwamba hatari ipo, na alifanya nini? Chukua mzee mwenye demenshia aliyempiga mhudumu. Polisi huenda wasimshtaki kwa sababu hajui alitendalo, na CICA nayo inaweza kukataa kwa sababu mpango wake unadai kosa lililofanywa kwa kukusudia au kwa kutojali. Wengi wakifika hapo hukata tamaa. Lakini dhidi ya mwajiri hali inaweza kuwa kinyume. Kama mpango wa huduma wa mzee huyo ulisema ahudumiwe na watu wawili na wewe ulipangiwa peke yako, kama alishawapiga watatu kabla yako na hukuambiwa, kama hukupewa mafunzo ya kumtuliza mtu aliyechafukwa, hapo uzembe unaonekana wazi. Kwa hiyo, mara baada ya tukio, andika kwa kumbukumbu yako nani alikuwa zamu, watu wangapi walipungua, na nani aliwahi kulalamika. Usipige picha faili la mgonjwa, maana utavunja usiri wake na kuwapa sababu ya kukufukuza. Wakili ana njia halali ya kuyadai makaratasi hayo.

Muda hapa ni miaka 3. Mawakili wengi huchukua kesi hizi kwa makubaliano kwamba hulipi ukishindwa. Ukishinda, ada yao ya mafanikio haiwezi kuzidi asilimia 25 ya fidia ya maumivu na hasara iliyokwisha kutokea. Soma mkataba, na hakikisha wakili yumo kwenye daftari la mamlaka ya mawakili, SRA, kama uko England au Wales. Mtu anayekufuata kwa WhatsApp akidai anawatetea Waafrika Mashariki na anataka malipo ya mwanzo, mkatalie. Wanachama wa vyama vya wafanyakazi kama UNISON au GMB mara nyingi hupata wakili kupitia chama, ila kwa kawaida ni lazima uwe umejiunga kabla ya kuumia. Basi jiunge leo.

Kama umepelekwa kazini na wakala, usikubali kutupwa huku na kule, wakala akisema ni jukumu la nyumba ya wazee na wao wakisema ni la wakala. Wote wawili wana wajibu kwako, na wakili anaweza kuwadai wote.

Aliyekupiga akiwa mfanyakazi mwenzako au meneja, mwajiri anaweza kuwajibika kwa tendo lake likiwa na uhusiano wa karibu na kazi aliyopewa. Kesi ya Mohamud dhidi ya maduka ya Morrisons, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2016, ilihusu mteja mwenye asili ya Kisomali aliyepigwa na mhudumu wa kituo cha mafuta. Kampuni iliwajibika. Uamuzi wa mahakama hiyohiyo wa 2020 umebana mipaka, kwa hiyo ugomvi wa kibinafsi kabisa ni vigumu kumtwisha mwajiri.

Huwezi kubaki na fidia mbili kwa jeraha moja. Ukilipwa na bima baada ya CICA, utarudisha kwa CICA sehemu inayolingana. Omba zote mbili hata hivyo, kwa sababu hujui ipi itafanikiwa.

Mshahara, kazi na viza

Ukiumia, una haki ya malipo ya ugonjwa ya kisheria hadi wiki 28, na mkataba wako unaweza kukupa zaidi. Malipo haya si msaada wa umma. Siku 7 za kwanza unajithibitishia mwenyewe, baada ya hapo unahitaji cheti cha daktari. Ukibaki na ulemavu wa asilimia 14 au zaidi, kuna malipo ya serikali kwa walioumia kazini ambayo hayaulizi nani alikosea, lakini ni kwa walioajiriwa, si kwa waliojiajiri.

Sasa hofu kubwa. Mdhamini anatakiwa kuiarifu Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji, anapokoma kukudhamini, na ukipoteza udhamini kwa kawaida unapewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Hofu hiyo ina msingi, na sitaidharau. Lakini kuripoti polisi au kudai fidia si kosa la uhamiaji, na kukosa kazi kwa sababu ya ugonjwa kunakubaliwa katika kanuni za udhamini, hata malipo yakipungua. Ukifukuzwa kwa sababu ulilalamikia usalama, huko ni kufukuzwa isivyo halali hata kama una wiki mbili tu kazini. Kwa madai hayo hesabu miezi 3 kasoro siku 1 tangu kufukuzwa. Sheria ya Haki za Ajira ya 2025 inaurefusha muda huo, lakini anayejipangia kwa muda mfupi hachelewi. Kabla ya mahakama ya kazi ni lazima upitie ACAS, shirika la usuluhishi wa migogoro ya kazi, 0300 123 1100, na huduma yao ni ya bure.

Asiye na karatasi aonane na wakili wa uhamiaji au shirika la wahamiaji kabla ya kwenda polisi, kwa sababu polisi wanaweza kuwasiliana na Home Office. Asikae kimya tu. Mwaka 2014, katika kesi ya Hounga dhidi ya Allen, Mahakama ya Juu ilimruhusu msichana wa kazi kutoka Nigeria aendelee na dai la ubaguzi ingawa ajira yake haikuwa halali. Wafanyakazi wa ndani walio London wanaweza kuwaendea Kalayaan, shirika linalowasaidia wafanyakazi wa ndani wahamiaji.

Ukishambuliwa kingono

Usioge wala kufua nguo kama unaweza kustahimili, na uende kituo cha SARC, kinachowahudumia walioshambuliwa kingono, haraka, vyema ndani ya siku 7. Wanakuhudumia bure, wanahifadhi ushahidi, na unaweza kwenda bila polisi ukaamua baadaye. Jina lako haliruhusiwi kuchapishwa maisha yako yote, kwa hiyo habari haitafika nyumbani kupitia magazeti. Tangu tarehe 26 Oktoba 2024 mwajiri ana wajibu wa kuchukua hatua za kuzuia udhalilishaji wa kingono kabla haujatokea.

Ukirudi nyumbani kabla kesi haijaisha

Wengine huenda Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura kuuguzwa na mama zao, na hilo ni jema. Mwarifu mwajiri na wakili, ondoka na nakala za ripoti za hospitali, na kila matibabu utakayopata huko yawe na risiti na barua ya daktari yenye muhuri. Kuwa nje ya Uingereza hakufuti dai lako, na CICA huangalia ulikuwa ukiishi wapi siku ya tukio. Wala muda hausimami kukusubiri. Barua ya CICA ya kukukataa ikifika anwani yako ya Leicester, una siku 56, zikihesabiwa tangu tarehe ya barua, za kuomba uamuzi upitiwe upya, na baada ya jibu la mapitio siku 90 za kukata rufaa kwenye baraza. Kwa hiyo waachie barua pepe unayoifungua kila siku, na umwachie mtu unayemwamini ruhusa ya kufungua bahasha zako.